Mama Mkwe Nyuma ya Dirisha la Jikoni

Jeshini tulikuwa na neno moja la upishi, nalo ni chemsha. Maharagwe yalichemshwa, kabeji ilichemshwa, nyama ikipatikana nayo ilitumbukizwa humo humo, na aliyelalamika alipewa kisu amenye viazi vya kombania nzima. Nilizaliwa kambini, baba yangu akiwa askari aliyetoka Arua, nikakulia kambini, nikavaa sare mimi mwenyewe mpaka goti likanistaafisha. Kwa hiyo mke wangu alipofariki na kuniachia binti wa miaka tisa, nilidhani kumlisha mtoto ni kazi ndogo. Maji, moto, chumvi, basi.

Mke wangu alianguka sokoni akichagua nyanya. Presha. Hakufika hospitali akiwa hai. Naandika haraka hapa kwa sababu nikipunguza mwendo kalamu itasimama.

Tuliishi Mbuya, upande wa mteremko, nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na jiko dogo ambalo dirisha lake linatazama uani. Nilikuwa nimepata kazi ya kulinda geti la duka moja huko Kansanga, na kila jioni nikirudi nilimpikia binti yangu. Posho, yaani ugali, na maharagwe. Kesho yake maharagwe na posho. Nikitaka kumfurahisha nilinunua matoke, zile ndizi za kupika, nikayamwagia maji mpaka yakaelea, nikayachemsha mpaka yakawa uji wa kijivu. Alikula tonge moja, la pili akalizungusha sahanini, kisha akasema, "Nimeshiba, Baba." Mtoto aliyeshiba hana mashavu kama yale. Sketi yake ya shule ilianza kufungwa kwa pini.

Likizo ilipofika alirudi na kazi. Mwalimu wao wa upishi alitaka kila mtoto ajifunze nyumbani maneno ya jikoni, kisha shule ikifunguliwa aeleze kila neno maana yake nini na linafanywaje. Akakaa kwenye kigoda karibu na jiko la makaa.

"Baba, kuchemka na kutokota ni kitu moja?"

"Kitu kimoja hicho hicho."

"Na kukaanga na kuunga?"

"Hiyo pia ni moja."

"Mama alikuwa anasema si moja," akasema, akainuka, akaenda kulala bila kula.

Siku ya kumaliza matanga, ambayo Waganda huifanya miezi baada ya mazishi, tulikusanyika Kasubi, nyumbani kwa wakwe zangu. Mke wangu alikuwa Muganda. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, alimwita mtoto mbele ya watu, akamshika mkono, akauzungusha kiganjani mwake kama anayepima kuni. "Mutoto wa kike hawezi kukua na chakula ya jeshi," akasema, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Alisema binti abaki pale Kasubi, alelewe na bibi yake, mimi niwe nakuja kumwona. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Katika dunia hii nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja tu, na sasa walikuwa wakigawana hata huyo.

Ndipo mama mkwe wangu akatuma neno kutoka chumba cha ndani. Alikuwa kule, mlango umerudishwa nusu, kwa sababu mimi nilikuwa sebuleni. Kwa Waganda mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawalali nyumba moja, wala hawapokezani chakula. Wakivunja mwiko huo, wanasema, mmoja wao atapata ugonjwa wa kutetemeka ambao wanauita obuko. Mimi mambo hayo niliyaona ni vichekesho. Kambini tulizaliwa kwenye nyumba za mabati zilizogusana ukuta kwa ukuta, choo kimoja kwa familia kumi. Mkwe ungemkwepa wapi? Lakini niliheshimu. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeona kisogo cha yule mama, kitambaa chake cha kichwa na nyayo zake. Sura yake niliijua kwenye picha ya harusi tu.

Neno lake lililetwa na mama mdogo wa mtoto. "Anasema mumungoje kidogo. Anasema mutoto asipoteze mama na baba mwaka moja. Lakini akiona amekonda zaidi ya hapa, atakuja kumuchukua yeye mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alikuja Mbuya. Alishuka kwenye bodaboda, amekaa upande upande na gomesi lake, lile vazi refu la Kiganda, mapajani ana mzigo wa majani ya mgomba. Binti yangu alimkimbilia. Mimi nilikimbilia ndani, kama sheria inavyotaka. Akatandika mkeka uani, chini ya dirisha la jikoni, akakaa ameegemeza mgongo ukutani na uso ameuelekeza kwenye kamba ya nguo. Basi mimi ndani na moto, yeye nje na mgongo wake, na mtoto kasimama dirishani katikati yetu. Tulisikiana vizuri sana. Hata hivyo kila neno lilipitia kwa mtoto, aliyemwita bibi yake Jajja.

"Jajja anasema uoshe mikono."

"Nimesikia."

"Baba anasema amesikia."

"Ambia yeye kusikia si kuosha."

Nikaosha.

"Matooke haichemushwi," alisema yule mama kwa Kiswahili chake cha Kasubi. "Hiyo ni ya wafungwa. Matooke inasaanikwa. Ambia baba yako." Na hapo ndipo nilipojifunza neno langu la pili la upishi, nikiwa na mvi. Unamenya ndizi, unazifunga ndani ya majani ya mgomba uliyoyapitisha motoni yakalainika, unatandika vikonyo vya majani hayo chini ya sufuria ili maji yasiguse chakula, unaweka furushi lako juu yake, unalifunika gubigubi kwa majani mengine, halafu unauachia mvuke kazi. Yakiiva unayabonyeza humo humo ndani ya majani mpaka yawe laini, kisha unayarudisha motoni yapumzike. Nikauliza yapumzike muda gani.

"Baba anauliza dakika ngapi."

"Mupaka iive."

"Anasema mpaka iive."

"Muulize itaiva saa ngapi."

"Ikiiva," alijibu bibi mwenyewe, akiiambia kamba ya nguo, na nusura nitupe mwiko. Mtu aliyezoea amri anataka saa, anataka idadi, anataka kujua nani anafanya nini. Yule mama alikuwa na "kiasi" na "mpaka itoshe". Chumvi kiasi. Maji kiasi. Siku moja nilimwambia binti yangu amuulize kiasi ni nini hasa. Akajibiwa, "Kiasi ni kiasi. Ambia yeye asinisumbue, ageuze kitunguu, inaungua." Kweli kilikuwa kinaungua. Alikuwa amekisikia kwa harufu, na uso wake bado uko kwenye kamba ya nguo.

Mtoto ndiye aliyekuwa anaelewa. Nilimwona akiyashika yale maneno moja moja. Kuchemka, maji yanaruka na kifuniko kinapiga kelele. Kutokota, moto umepunguzwa na viputo vinakuja kimoja kimoja pembeni. Mchuzi wa karanga unatokota, ukiuchemsha unakatika na kumwagika. Kukaanga ni mafuta na moto mkali. Kuunga ni kitunguu, kisha nyanya mpaka iyeyuke, kisha unatia kile ulichokwisha kuchemsha ili kipate ladha. Kitunguu cha kuungia kinalegea tu, hakibadiliki rangi. Cha pilau ndicho kinachokwenda mpaka kahawia. Kubandika, kuipua, kupakua. Ili asisahau nilimfundisha kwa njia ninayoijua. Nilimpanga uani na mwiko begani, nikapiga amri: "Menya! Osha! Funga! Bandika!" naye akipiga hatua kwa kila neno, akigeuka kwenye kona ya choo, akirudi. Kutoka kwenye mkeka nikasikia kicheko. Mama mkwe wangu alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa, anacheka. Tangu tumzike binti yake hakuna aliyemsikia akicheka.

Mashavu yakarudi. Pini ikatolewa kwenye sketi. Shule ilipofunguliwa binti yangu alieleza maneno yote mbele ya darasa, na mwalimu akamwomba arudie lile la kusaanika kwa sababu halikuwamo katika kitabu chake. Shemeji yangu alikuja siku moja bila taarifa, akala, akasogeza sahani aongezewe. Kwa mtu kama yeye hiyo ni kuomba radhi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo bibi hakuweza kutufundisha. Mke wangu alikuwa na desturi ya kuoka keki kila shule ilipofungwa. Hatukuwa na jiko la umeme. Alioka kwenye sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake ameweka sufuria ndogo ya keki, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Muhula ulipokwisha binti yangu alitaka ile keki. Nikatuma swali dirishani.

"Hiyo mimi sijui," alisema mama mkwe. "Hiyo alijifunza yeye mwenyewe, kwa rafiki zake. Mimi nilikuwa nakula tu."

Basi tukabaki na kumbukumbu ya mtoto. Alifunga macho, akawa anamtafuta mama yake. Mama alipiga siagi na sukari mpaka mkono ukauma na vikawa vyeupe. Mama alitia mayai moja moja. Mama alichekecha unga pamoja na beking pauda, chekeche ameliinua juu. Unga ukishaingia Mama hakupiga tena, alikunja taratibu, kutoka chini kuja juu. Nilifanya kila alichosema. Nilipiga siagi mpaka jasho likanidondoka. Tukabandika, tukaweka makaa juu, na harufu ikaanza kujaa jikoni, harufu yenyewe hasa, ile ya muhula kwisha. Binti yangu alikaa akiinusa, anatabasamu. Nami kwa ujinga wa askari nikaenda kufanya ukaguzi. Nikafunua.

Keki ilikuwa imeumuka vizuri. Tukiwa tunaitazama ikashuka katikati, polepole, mpaka ikawa bakuli.

"Mama alikuwa hafunui," binti yangu akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisahau. Nimeanza kusahau, Baba. Juzi nilisahau sauti yake inavyoita."

Akalia kilio ambacho sikuwa nimekisikia hata makaburini. Nikamkumbatia na mikono yangu ya unga. Nikachungulia dirishani nikamwona bibi yake ameinama mbele mpaka paji la uso linagusa magoti, analia bila sauti, na sheria ilikuwa hainiruhusu kwenda kumwambia hata pole. Watu watatu tuliompenda mtu mmoja, na ukuta katikati. Nilichukia ule ukuta siku ile. Nililia pia, na keki tuliila ikiwa imebonyea vile vile, kipande cha bibi kikapitishwa na mtoto.

Mwaka wa pili ulikuwa unaelekea mwisho siku mama mkwe alipokuja na kukuta mtoto hayupo. Shule ilikuwa imewaita Jumamosi ile kwa mtihani, nami nilijua asubuhi hiyo hiyo, bibi akiwa ameshaondoka kwake. Akatandika mkeka wake kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeshabandika mchuzi wa karanga, na matoke yalikuwa yamepumzika. Hatukuwa na mtu wa kupitisha maneno, kwa hiyo tulinyamaza. Nilikoroga. Yeye alitazama kamba ya nguo. Mchuzi ulipokuwa tayari, au nilipodhani uko tayari, nilijikuta sijui. Miaka yote miwili alikuwa yeye ndiye anayeonja kijiko kilichopelekwa na mtoto, ndipo anasema bado au basi.

Nikapakua matoke kidogo na mchuzi kwenye sahani. Nikaitoa nje ya dirisha, nikaishika hewani juu ya bega lake, nikasubiri nikijiona mpumbavu. Hakugeuka. Nilikuwa karibu kuirudisha ndani alipoinua mkono wake, akaipokea kutoka mkononi mwangu. Vidole vyetu viligusana. Alikula tonge moja, akatafuna kwa muda mrefu, kisha la pili.

"Imeiva," akasema. Hakusema "ambia yeye". Aliniambia mimi.

Nilifurahi kuliko siku nilipopandishwa cheo. Alijua alichofanya, mama yule. Hakuwa mtoto wala hakughafilika. Alikula akamaliza, akaiweka sahani dirishani mwenyewe, akakunja mkeka.

Miezi ikapita ndipo mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Kwanza kikombe tu. Baadaye kisu, na baadaye mkono wa kushoto nao. Wanawe walimpeleka hospitali, daktari akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, huwapata wazee wengi, una vidonge vya kuupunguza na hauna dawa ya kuumaliza. Lakini Kasubi walikuwa na jibu lao, obuko. Walimuuliza mama, naye hakuwaficha, akawaambia alipokea sahani mkononi mwa mkwe. Basi. Shemeji akanipigia simu. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alisema tu mama hatakuja tena Mbuya, na mimi nikija Kasubi niishie barazani.

Binti yangu alikuwa ameyasikia huko huko kwa binamu zake. "Baba, ni sisi tulimfanya Jajja atetemeke?"

Nilikasirika. Nikamwambia hayo ni maneno ya watu wasiosoma, kwamba babu yangu huko Arua alitetemeka na hakuwahi kuona mama mkwe wake hata kwa mbali, kwamba daktari amesema. Nilipaza sauti kupita kiasi. Aliniitikia, "Ndiyo, Baba," na nikamwona haamini.

Kuanzia hapo tulipika wawili. Alikuwa na miaka kumi na miwili sasa na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Hata keki iliumuka ikabaki juu. Kila Jumapili alikwenda Kasubi kumwona bibi yake. Alipomaliza mtihani wa darasa la saba aliniambia, tukiwa tunamenya ndizi, bila kuinua macho.

"Baba, nataka kuhamia kwa Jajja. Kuna sekondari karibu pale."

Kisu kilinisimama mkononi.

"Jajja anashinda na njaa," akasema. "Mama mdogo anamuachia chai kwenye chupa na mkate, anaenda kazini. Hawezi kumenya. Hawezi kuipua sufuria, alijichoma. Na hakuli chakula ya kununua, unamjua."

"Tutampelekea kila Jumamosi."

"Na Jumatatu atakula nini?"

Hapo hasira ilinipanda, nisiseme uongo. "Walitaka kukuchukua kwa sababu sijui kupika," nikamwambia. "Nimejifunza. Tazama vidole hivi. Nimefundishwa na ukuta kama mwendawazimu kwa miaka mitatu ili ubaki hapa. Sasa unaondoka kwa sababu gani?"

Akainua macho. Alikuwa analia tayari. "Kwa sababu umejifunza," akasema. "Ungekuwa hujui, Baba, ningebaki na wewe."

Tulimaliza kumenya. Tulisaanika, tukala, kisha nikamtolea begi.

Nilimpeleka mwenyewe, Jumapili, begi lake mapajani mwangu. Tulipofika barazani nilinyanyua mguu nipande ngazi ya kuingilia, kama baba yeyote anayemfikisha mtoto wake mlangoni. Binti yangu akaniwekea kiganja kifuani.

"Ishia hapo, Baba. Jajja yuko sebuleni," akasema kwa upole. "Mikono yake imeshatetemeka sana."

Akachukua begi mkononi mwangu, akaniomba nisogee nyuma mpaka kwenye mgomba, ili mlango ukifunguliwa bibi asinione. Nikasogea. Akanipungia mkono, akaingia, akafunga. Nililia njia nzima ya kurudi Mbuya, mzee mzima na kofia yangu, na dereva wa bodaboda akanionea huruma, akaendesha polepole.